Kasi Inayopotelea Hewani: Uchambuzi wa Kisa cha Intaneti ya Nyumbani Bwiru, Mwanza

Nyumba moja ya Bwiru, iliyojengwa kwenye mteremko unaotazama ziwa, ilikuwa na huduma ya faiba ya megabiti 20 kwa sekunde. Ilipoonekana haitoshi, wenyewe wakapandisha kifurushi hadi megabiti 40, wakaanza kulipa bili kubwa zaidi, na kasi waliyoiona kwenye simu zao ikabaki ile ile. Mchana mambo yalivumilika. Kuanzia saa moja jioni hadi kama saa nne usiku, kijana wa nyumba hiyo, ambaye kazi yake ni kunukuu mahojiano na kuhudhuria vikao vya mbali kwa video, alikuwa akigandiwa na picha na kukatikiwa na sauti, hata akazoea kutoka barazani na kumalizia kikao kwa bando la simu yake. Mama yake, mwalimu mstaafu ambaye ndiye mlipaji wa bili, alikwisha kufikia uamuzi wake kabla sijafungua mkoba wa vifaa.

"Mwanangu, tumeongeza hela na hakuna kilichoongezeka," aliniambia baada ya kuitikia shikamoo yangu. "Hapo si tunaibiwa?"

Kampuni iliyowaletea huduma ilikuwa imepima njia yake kutoka ofisini na kujibu kwamba haina kasoro. Wenye nyumba waliliona jibu hilo kuwa la kuwakwepa. Hata hivyo, vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba kampuni ilikuwa inasema kweli kuhusu njia yake, na mwalimu naye alikuwa anasema kweli kuhusu simu yake, kwa kuwa kila upande ulikuwa unazungumzia kipande tofauti cha safari ya data.

Mpangilio wa nyumba una sehemu kubwa katika kisa hiki. Faiba inaingilia sebuleni, na ruta ilikuwa imewekwa ndani ya kabati la televisheni, nyuma ya skrini, karibu na sakafu. Vyumba vya kulala vimepangwa kwenye korido yenye kuta za tofali za saruji. Nyuma kuna nyumba ndogo ya uani anayoishi mpangaji, na kati ya nyumba hizo mbili limesimama jabali kubwa ambalo wajenzi waliona ni nafuu kulizunguka kuliko kulipasua, kama ilivyo kawaida katika vilima vya Mwanza. Ili mpangaji naye apate huduma, ambayo ilikuwa sehemu ya makubaliano ya kodi, ekstenda, kifaa kinachoipokea waifai ya ruta na kuirusha tena mbele, ilichomekwa kwenye soketi iliyo karibu na dirisha lake. Getini kulikuwa na kamera ya ulinzi inayotuma picha mtandaoni saa zote kwa waifai hiyo hiyo.

Maelezo ya mtaani hayakukosekana. Jirani mmoja alishikilia kwamba miamba ya Mwanza ina madini yanayovuta mawimbi. Mwingine alilaumu umeme kupungua nguvu jioni. Wa tatu alishauri inunuliwe ekstenda ya pili. La miamba lina ukweli nusu, kwa sababu jabali lenye unene wa mita kadhaa kwa hakika huzuia mawimbi ya redio ya waifai, ila halivuti chochote: mawimbi machache yanayofika upande wa pili hupita pembeni au hurudishwa na kuta na mabati yaliyo karibu. La umeme lilistahili kupimwa. La ekstenda ya pili, lau lingefuatwa, lingeizidishia nyumba hiyo tabu, kwa sababu zitakazoonekana mbele.

Hatua ya kwanza katika tatizo la namna hii ni kuitenga njia inayoleta intaneti hadi kwenye ruta na hewa inayoisambaza ndani ya nyumba. Watu wengi hupima kasi kwa simu wakiwa wamekaa kitandani, kisha matokeo wakayahesabu kuwa ndiyo kasi waliyouziwa, ilhali kipimo hicho kimechanganya vitu viwili ambavyo vina wenyewe tofauti na tiba tofauti. Kwa hiyo kompyuta mpakato iliunganishwa kwenye ruta kwa waya, waifai yake ikazimwa, na kasi ikapimwa saa mbili usiku, yaani katikati ya muda wa malalamiko. Matokeo yalikuwa kati ya megabiti 38 na 39. Dakika hiyo hiyo, simu iliyoshikwa hatua mbili kutoka kwenye ruta ilipata kati ya 6 na 8, kwa programu ile ile na kwa seva ile ile ya kupimia.

Kipimo hicho kimoja kiliondoa dhana kadhaa kwa mpigo. Kama kampuni ingekuwa imejaza wateja wengi mno kwenye njia moja, au kama umeme dhaifu wa jioni ungekuwa unaidhoofisha ruta, waya nao ungeonyesha upungufu. Hapa zipo tahadhari mbili ambazo zikipuuzwa hupotosha vipimo vya wengi. Kwanza, waya wenyewe uwe mzima, kwa maana waya wenye hitilafu unaweza kushusha mawasiliano hadi megabiti 100 au hata 10 bila kutoa dalili nyingine yoyote. Pili, megabiti si megabaiti: baiti moja ni biti nane, hivyo kifurushi cha megabiti 40 kikifanya kazi kikamilifu hupakua megabaiti 5 tu kwa sekunde, na mtu anayetazama faili likipakuliwa anaweza kudhani amepunjwa mara nane. Kijana wa nyumba hii alikuwa analijua hilo. Mama yake hakuwa analijua, na baada ya kuelezwa aliuliza kwa nini matangazo hayaandiki kwa kipimo ambacho watu wanakielewa. Sikuwa na jibu la kuitetea desturi hiyo.

Kipimo cha pili ninakithamini kuliko cha kwanza, ingawa hakitumiki sana majumbani. Kompyuta ilitolewa kwenye waya na kurudishwa kwenye waifai, kisha kwa amri iitwayo ping ikawa inaiuliza ruta yenyewe, kwa anwani yake ya ndani, kama ipo. Swali hilo halitoki nje ya nyumba. Haligusi faiba, kampuni, wala seva iliyo mbali. Kwa waya, jibu lilikuwa linarudi chini ya milisekunde moja. Kwa waifai wakati wa mchana lilirudi kwa milisekunde 3 au 4. Saa mbili usiku, kompyuta ikiwa mahali pale pale, majibu yalikuwa yanaruka kutoka milisekunde 5 hadi zaidi ya 200, na mengine hayakurudi kabisa. Kikao cha video kinaweza kuvumilia kasi ndogo iliyotulia, lakini hakiwezi kuvumilia ucheleweshaji unaobadilika hivyo, kwani sauti inayofika kwa kuchelewa ni sawa na sauti ambayo haikufika. Basi ikathibitika kwamba tatizo la kijana lilikuwa linazaliwa na kuishia ndani ya uzio wa nyumba yao.

Wala mawimbi hayakuwa dhaifu. Karibu na ruta nguvu yake ilisomeka desibeli hasi 42, ambayo ni imara sana, kwani katika kipimo hiki tarakimu inavyokaribia sifuri ndivyo nguvu inavyozidi. Ugumu wa kuendesha vikao vya video huanza kuonekana nguvu ikishuka chini ya hasi 67 au 70. Alama za waifai kwenye simu zilikuwa zimejaa, na ndiyo maana kila mtu alidhani kasoro iko mbali. Alama hizo hueleza jinsi simu inavyoisikia ruta. Hazielezi ni vifaa vingapi vinasubiri zamu ya kuzungumza nayo.

Dalili iliyofungua njia ilikuwa tarakimu. Katika mipangilio ya waifai, kompyuta ilionyesha kwamba kiwango cha mawasiliano kati yake na ruta ni megabiti 54 kamili, mchana na usiku, karibu na mbali kidogo. Fundi akiona 54 isiyotikisika kwenye kifaa cha miaka ya karibuni anapaswa kushtuka, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha juu kabisa cha 802.11g, kanuni ya kiufundi ya waifai iliyoidhinishwa mwaka 2003. Kanuni ya 802.11n, ya mwaka 2009, ilivuka kiwango hicho kwa mbali, na ruta hii ilikuwa mpya kuliko hizo zote. Jibu lilipatikana kwenye ukurasa wa usalama wa ruta. Aliyeifunga alikuwa amenakili jina la mtandao, neno la siri na aina ya usalama kutoka kwenye ruta ya zamani ili vifaa vyote viunganike bila usumbufu. Na ruta ya zamani ilikuwa inatumia WPA, mfumo wa zamani wa kulinda waifai, yenye usimbaji (njia ya kuficha data) wa TKIP. Kanuni za 802.11n haziruhusu viwango vyake vya kasi vitumike pamoja na TKIP, kwa hiyo mtandao mzima ulikuwa umerudishwa nyuma hadi 54. Masafa ya gigahezi 5, njia ya pili ya hewani ya ruta pembeni ya gigahezi 2.4, nayo yalikuwa yamezimwa, na kijana akakumbuka kwamba yalizimwa siku ya kufunga kamera ya geti, ambayo inaelewa gigahezi 2.4 peke yake na ilikataa kuunganika mpaka simu inayoisajili ihamie huko. Kazi ilipokwisha, hakuna aliyeyawasha tena.

Kati ya megabiti 54 za kiwango cha hewani, data halisi inayopita ni 20 na ushee, kwa sababu sehemu kubwa ya muda hutumika kwa vifaa kupeana nafasi na kuthibitisha kwamba ujumbe umefika. Ukiondoa na ile ya kamera ya geti, simu ya sebuleni ilikuwa inapata takriban 19 mchana. Hapo ndipo lilipofumbuka fumbo la mwalimu: wakati wa kifurushi cha 20, mtandao ulionekana unatoa karibu yote aliyolipia; alipopanda hadi 40, hewa ya nyumba yake haikuwa na uwezo wa kubeba ziada hiyo, na pesa yake iliishia kwenye ruta. Hakuibiwa, ila pia hakuna aliyemwambia apime kwa waya kabla ya kumuuzia kifurushi kikubwa, na kwa maoni yangu hilo ni deni la anayeuza.

Lakini dari ya 54 haielezi kwa nini jioni kasi ilishuka hadi 6. Kwa hilo ilibidi kutazama orodha ya vifaa vilivyounganishwa na kiwango cha kila kimoja. Ekstenda ya uani, ikisikia ruta kwa tabu kutoka nyuma ya jabali, ilikuwa inawasiliana nayo kwa kiwango cha megabiti 6. Mwenye nyumba aliiona kama msaada ulioongezwa pembeni ya mtandao, usioweza kumdhuru mtu wa sebuleni. Waifai haifanyi kazi hivyo. Vifaa vyote vilivyo kwenye chaneli moja, yaani kipande kimoja cha masafa, vinatumia hewa moja, na kwa wakati mmoja ni kimoja tu kinachoweza kuzungumza. Kanuni ya zamani huvipa fursa sawa za kutuma ujumbe, bila kujali kila ujumbe utachukua muda gani. Ni kama bomba la mtaa ambapo kila mtu ana haki ya kujaza ndoo moja kwa zamu, kisha akaja mmoja mwenye dumu la mdomo mwembamba: haki yake ni ile ile, lakini foleni nzima itatembea kwa mwendo wa dumu lake. Kifaa cha kiwango cha 6 hushikilia hewa takriban mara tisa ya muda wa kifaa cha 54 kwa data ile ile. Mwaka 2003 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliichambua hali hii na kuonyesha kwamba kifaa kimoja cha polepole kinaweza kuwashusha wengine wote hadi karibu na kiwango chake.

Mpangaji wa uani hurudi kazini magharibi, akawasha televisheni na kutazama mpira au tamthilia kwa mtandao. Mtiririko wa video wa megabiti 3 hivi ni kitu kidogo mbele ya kifurushi cha 40, na kila mtu aliyeuhesabu kwa kipimo hicho alimwondolea mpangaji lawama. Ukiuhesabu kwa muda wa hewa, mtiririko huo ukipitia kiungo cha 6 unameza zaidi ya nusu ya muda wote, na ekstenda inapourudia kwa televisheni kwenye chaneli ile ile unameza zaidi.

Dhana nzuri ni ile inayoweza kujaribiwa kwa kuondoa kitu kimoja na kukirudisha. Kwa ridhaa ya mpangaji, ambaye alikubali kwa sharti kwamba iwe wakati wa mapumziko ya mechi, ekstenda ilichomolewa. Majibu ya ruta yalitulia papo hapo kwenye milisekunde 3 hadi 5, na simu ya sebuleni ikarudi kwenye 19. Iliporudishwa, ucheleweshaji ulirudi nayo. Kijana aliyekuwa anatazama skrini begani mwangu alisema, "Kaka, kumbe mechi ya kule ndiyo inayokata kikao changu," na kwa lugha ya kawaida hilo ndilo lililokuwa likitokea.

Palikuwa na suala la chaneli pia, na hapa umbo la Mwanza lina neno lake. Katika mtaa wa tambarare, kuta na mapaa ya jirani wa kwanza huzuia mawimbi ya jirani wa tatu. Kwenye mteremko nyumba zimepandana, na aliye juu anatazamana moja kwa moja na madirisha ya walio chini na ya walio kilima cha pili. Simu ilipowekwa barazani, upande wa bondeni, iliorodhesha mitandao mingi mno. Ilipopelekwa nyuma ya nyumba, upande wa mlima, ikabaki michache. Ruta ilikuwa imejichagulia chaneli ya 3, ambayo inagongana na majirani wa chaneli ya 1 na wale wa 6 kwa pamoja: chaneli za gigahezi 2.4 zimeachana kwa megahezi 5 tu huku mawimbi ya kila mtandao yakichukua upana wa megahezi 20 au zaidi, na ndiyo maana 1, 6 na 11 hushauriwa, kwani haziingiliani. Ilihamishiwa 11, na upotevu wa majibu ulipungua kidogo. Ningeanza na chaneli, kama wengi wanavyoanza, ningeona nafuu hiyo ndogo na pengine ningeondoka nikidhani nimemaliza.

Tiba ya mtandao wa ndani ilikuwa rahisi na haikugharimu kitu. Usalama ulibadilishwa kuwa WPA2, toleo lililofuata la WPA, yenye usimbaji wa AES, ambayo vifaa vyote vyenye ithibati ya waifai vimelazimika kuijua tangu mwaka 2006. Masafa ya gigahezi 5 yakawashwa. Ruta ikatolewa kabatini na kupandishwa ukutani. Simu ya sebuleni ikapata 37, na chumba cha kijana, kilicho kuta mbili mbele, kikapata 26 kwa gigahezi 5. Chumba cha mwisho cha korido kinabaki kwenye 2.4, kwa sababu gigahezi 5 huchoka haraka zaidi katika kuta za saruji. Kinatosha kwa anayelala humo.

Uani palihitaji waya, na hapo ndipo mjadala ulipokuwa mrefu. Ekstenda hiyo ina tundu la waya na inaweza kugeuzwa kuwa kituo kinachopokea intaneti kwa waya na kuisambaza kwa waifai kwenye chaneli yake tofauti, bila kuigusa hewa ya nyumba kubwa. Kijana alitaka waya wa kawaida wa shaba, ambao unafaa hadi mita 100, na njia ya kulizunguka jabali haikufika hata nusu ya hiyo. Mimi nilipinga, kwa sababu mbili. Madukani kuna nyaya nyingi za aluminiamu iliyopakwa shaba zinazouzwa kama shaba tupu, na ambazo hazidumu zikikaa nje. La uzito zaidi ni radi: bonde la Ziwa Victoria ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye radi nyingi, na waya wa metali uliotandazwa nje kati ya majengo mawili unaweza kubeba mshtuko wa radi iliyopiga jirani tu na kuupeleka kwenye ruta na televisheni za pande zote mbili. Faiba ni kioo, haipitishi umeme. Waya wa faiba uliokwisha kufungwa ncha kiwandani, pamoja na vigeuzi viwili vidogo vya kuunganisha faiba na vifaa vya kawaida, uliongeza gharama, ila si kwa kiasi cha kutisha. Mwalimu aliuliza swali moja tu, kama fensi ya maua yake itachimbwa. Bomba la plastiki lilipitishwa juu ya msingi wa ukuta na kuambaa na jabali, maua yakabaki.

Kamera ya geti ilipunguziwa ukubwa wa picha na kupangwa itume pale inapoona mtu akitembea. Baada ya hayo kijana aliripoti mkwamo mmoja wa namna nyingine: kikao kilikuwa kinasita simu za nyumbani zinapopakia picha za sherehe kwa mkupuo. Hilo halikuwa la hewa. Ping ya ruta ilibaki imetulia huku ya nje ikipanda. Data inayopanda ilikuwa inajaza foleni kwenye mlango wa faiba, na kikomo kilichowekwa kwenye ruta, chini kidogo ya kasi halisi ya kupakia, kiliimaliza foleni hiyo.

Kwa vipimo vya saa mbili usiku, mechi ikiendelea uani na kikao kikiendelea chumbani, matumizi ya nyumba nzima hayakuvuka megabiti 14. Nilimwonyesha mwalimu tarakimu hizo, na mwezi uliofuata akarudi kwenye kifurushi cha 20.